Vidole Kumi

Mwanangu Bisimwa aliifunga ruta ukutani,
akaiongoza kwa simu yake, kisha akaenda Kavumu
kupanda ndege ya Kinshasa,
na funguo za nyumba yangu zikaruka naye mfukoni.

"Mama, pakua tu ile programu."
Programu ikaomba nafasi. Simu yangu haina nafasi,
imejaa picha za ubatizo na sauti za kwaya.
Nikafuta ubatizo mmoja.
Ikaomba toleo jipya. Nikalipia megabaiti.
Ikaomba niiruhusu ijue niko wapi.
Niko Nguba! Niko hapahapa, hatua mbili kutoka kwako,
nakutazama unavyonikonyezea taa ya kijani.

Na gumba langu ni nene.
Likigusa "ndiyo", kioo kilichopasuka kinasikia "futa".

Basi nikaivua kompyuta kitambaa chake cha kufuma.
Miaka ishirini na sita nilikuwa daktilo wa komini:
vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa, vya kufa,
nakala tatu, karatasi ya kaboni katikati,
bila kutazama vidole.
Mvua ilipiga bati, mimi nikipiga herufi,
na hakuna aliyejua nani anamfuata mwenziwe.

Nikachomeka waya wa manjano. Tik.
Waya hauombi ruhusa.
Nikaandika anwani iliyo chini ya tumbo la ruta,
mia na tisini na mbili, nukta,
mia na sitini na nane, nukta,
moja, nukta, moja,
kama namba ya parseli.
Mlango ukauliza: Nani? Nikaandika: admin.
Neno la siri? Nikaandika: admin.
Ukafunguka.
Nikaona haya, kama mtu anayegundua
kwamba tangu Machi mlango wake ulirudishiwa tu.

Ukurasa mpana, wa Kifaransa, umejaa kioo kizima,
si ule wa simu, wa kuchungulia kwenye ufa.
Na katikati, orodha:
kompyuta yangu. Simu yangu. Televisheni.
Simu ya Bisimwa, haipo.
Na moja isiyo na jina, tarakimu tupu,
iliyoingia saa nne usiku, ikatoka saa tisa,
jana, juzi,
na usiku wa kabla ya juzi.

Mimi sijawahi kumwacha mtu bila jina kwenye daftari.
Nikatoka na tochi, sikuiwasha.
Kwenye ngazi za mawe zinazoshuka kuelekea ziwani,
Nabintu, binti wa Mama Zihalirwa,
mgongo kwenye ukuta wangu, blanketi kichwani,
mwanga wa buluu usoni, kemia magotini.
Mtihani wa serikali ulibaki majuma matano.
Nani alimpa neno la siri?
Hilo nitamuuliza Bisimwa. Si leo.
Nikarudi ndani bila kukohoa.

Kitufe chekundu: Zuia.
Kando yake, kisanduku kitupu: Jina.
Nikapiga NABINTU, herufi kubwa, kama kwenye cheti.
Chini yake kulikuwa na saa,
saa ambazo simu haikunionyesha hata siku moja.
Kufunga: tano na nusu usiku.
Kufungua: kumi na moja alfajiri.
Kisha nikabadilisha lile admin la pili,
nikaandika jina la mashine yangu ya kwanza ya chapa
na mwaka ilipokatika utepe.
Kidole kidogo cha kulia kikagonga kitufe kikubwa.
Taa ikazima, ikafikiri, ikarudi.

Asubuhi kwenye bomba, Nabintu, macho meupe:
"Mama, mtandao wako siku hizi unalala mapema."
"Unalala," nikamwambia. "Hata wewe."

Jioni simu ikalia, ni Kinshasa:
"Mama, najaribu kuingia kwenye ruta, inanikatalia."
"Njoo," nikamjibu.
"Waya upo."